Marejeo Namba Kumi na Nne

Kamati inataka idadi.
Fomu ina visanduku vitatu: makala, nukuu,
na kile kipimo cha herufi moja
kinachomkunja mtu akaenea kwenye bahasha.
Saa nne usiku, Kisian. Mvua ya Nandi imeteremka,
stima imepotea, jenereta linakohoa nyuma ya maabara.
Najihesabu.

Makala thelathini na moja.
Nukuu mia sita na nne, hadi saa kumi jioni.
Saa kumi na moja nikachungulia tena: mia sita na nne.
Mtu mzima mimi, nafunua jina langu
kama mtoto afunuaye sufuria
kuona kama maji yameanza kuchemka.

Miaka saba nilikaa na jeni moja ya mbu,
uzi unaomfundisha kulala na sumu na kuamka mzima.
Niliusoma herufi kwa herufi,
A na T, G na C, mchana kwa macho, usiku kwa ndoto.
Mama alifariki nikiwa kwenye herufi ya elfu moja na mia mbili.
Tulimzika Ugunja Jumamosi.
Jumatatu nikaendelea na iliyofuata.

Makala yale yamenukuliwa mara tisa.
Nne kati ya hizo ni mimi.
Moja ni bwana wa mbali anayesema nilikosea,
na nimemsoma mara tatu:
nilikosea kweli, kidogo, kwenye jedwali la pili.

Yaliyonibeba ni ya kurasa mbili.
Stima ilikatika siku tatu, mwezi wa nne,
sampuli mia nane zikaanza kutoa jasho,
nami nikakimbilia Dunga, kwa Konsolata Adhola,
muuza mbuta.
Akaishika mirija yangu, akaitazama juani.
"Samaki gani hawa?"
Mbu wa Ahero, nikamwambia, wamesagwa.
Hakucheka. Barafu, akasema, ipige chumvi ya mawe,
ivishe makapi ya mpunga, hayo hayo ya Ahero,
na usifungue kila saa kwa wasiwasi.
Wasiwasi una joto.

Niliandika yote isipokuwa mstari wa mwisho.
Gramu, nyuzi, saa.
Dhaka wamenukuu, Manaus wamenukuu,
hata mji mmoja wa theluji, sijui makapi wanayatoa wapi,
wala barafu wanainunulia nini.
Mara mia tatu na themanini.

Na nilimweka, jamani. Marejeo, namba kumi na nne:
C. Adhola, mazungumzo ya ana kwa ana, Dunga.
Mhariri akamfuta. *Hana taasisi*, aliandika pembeni.
Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne.
Nikairekebisha kumi na tano ikawa kumi na nne,
nikatuma.

Halafu kuna Adundo.
Jarida moja lilichapa jina langu vibaya,
Odundo likavaa A,
na wavivu wakanakili kwa wavivu.
Leo Adundo wa Kisumu, asiyezaliwa,
asiyedaiwa kodi ya nyumba Migosi,
ana nukuu hamsini na saba
na hakuna aliyewahi kumwambia kakosea jedwali.
Nikimdai, napanda daraja.
Nimeshika kalamu juu ya kisanduku
na mkono unamwonea haya,
kama mtu anayetaka kumnyang'anya pacha wake shati.

Haba na haba, husema watu.
Kibaba changu nimekipima usiku kucha:
kina damu ya mbu, kina chumvi ya mama mmoja,
na tundu mahali fulani nisipopaona.

Stima imerudi. Jokofu limeguna, likatulia.
Sijachungulia.

Kesho Ijumaa nitapita Dunga.
Atanipandishia bei, maana daktari ana pesa,
nami nitalipa bila kuomba punguzo,
na atafunga mbuta kwenye gazeti, akiuliza bila kuinua kichwa
kama wale samaki wangu wadogo
waliganda.