Ya Arobaini na Tatu

Rafu ni moja, ya mbao za mjozi.
Otia aliipigilia mwaka tulipohamia hapa Kutaisi,
juu ya kitanda cha kukunja, chini ya saa isiyokwenda.
Inabeba filamu arobaini na mbili.
Ya arobaini na tatu haikai. Inaanguka usiku wa manane,
na jirani wa chini, Tsiala,
anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Ndiyo maana tuna sheria: ikiingia moja, moja itoke.
Na kabla haijaingia Otia huihoji
kama karani wa mpakani:
Wewe, nitakutazama siku ninapoumwa na jino?
Nikishaujua mwisho wako, nitakaa mpaka mwisho?
Umeme ukikatika katikati, nitangoja, au nitakwenda kulala?

Nyingi hukwama papo hapo.
Zile za magari kuruka madaraja, mara moja yatosha,
kama harusi ya mtu usiyemjua.
Zenye kutufunza: tumeshafunzwa.
Ya vichekesho ilituvunja mbavu Januari;
Machi tukaitazama kwa adabu tu,
kama mgeni anayerudia hadithi ile ile.
Na ile ndefu, nyeusi na nyeupe, iliyosifiwa na wajuzi wote,
tumeinunua mara mbili, tumeiuza mara moja,
na haki ya Mungu hatujavuka dakika ya ishirini.
Twapenda kuwa watu walio nayo
kuliko tunavyopenda kuitazama.
Otia alipokiri hivyo alicheka hata akakohoa.

Jumamosi twenda kwa Jumberi, sokoni,
kati ya muuza jibini na muuza betri.
Diski zake hulala ndani ya masanduku ya ndizi.
“Kizuri chajiuza,” Otia humchokoza, “kibaya chajitembeza.”
Na Jumberi, akitema ganda la alizeti:
“Mimi miguu imeniuma, basi jua mwenyewe nauza nini.”

Oktoba, siku ya mvua, nikachomoa kasha lenye ufa.
Mapenzi kiwandani. Shujaa, mkono kiunoni,
anaihutubia mashine.
Otia akasoma mgongo wa kasha, akafumba macho.
“Hii hata Tsiala haitazami,
na Tsiala hutazama hali ya hewa ya nchi za watu.”
Lari tano. Nikalipa kabla hajaanza maswali yake.

Nyumbani nikaisogeza hadi dakika ya thelathini na nne.
Wafanyakazi wanatoka zamu.
Shujaa anamweleza msichana jambo fulani kuhusu chuma.
Nyuma yao, kushoto, mtu mwenye koti refu
anakatiza na mikate miwili kwapani,
anakanyaga dimbwi,
anakitazama kiatu chake,
anatoka kwenye kioo.

Sekunde nne.

Baba alilipwa mikate ile.
Kila mwaka mpya alitusimulia, glasi mkononi,
kwamba dimbwi halikuwamo kwenye mpango,
ila mwongozaji alipiga kelele: liacheni, liacheni!
Picha zake tunazo. Amesimama, tano.
Ameketi, mbili. Moja amelazwa, na maua.
Hatuna nyingine yoyote
ambamo mguu wake unainuka.

Otia hakusema neno. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma.
Dimbwi. Kiatu. Akarudisha.
Mara ya sita akauliza,
“Mikate, ilikuwa ya moto?”
Sijui. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.

Kisha akapanda juu ya stuli.
Nikangoja nione atachomoa ipi,
nikaona kidole chake kikipita juu ya migongo yote,
kikafika mwisho, kikarudi, kikafika mwisho tena.
Akashuka mikono mitupu.
Baba tukamsukumiza pale pale, ubavu kwa ubavu na wenzake,
taa tukazima.

Saa nane usiku kitu kikaanguka.
Tsiala akagonga mara tatu.
Hatukuinuka kuangalia ni ipi.