Mizani ya "Ngoja Kwanza"

Niliuandika nyuma ya ratiba ya zamu,
kwa penseli, kwenye chumba cha kufulia shuka za wazee,
mashine nne zikinguruma.
Uganga wangu wa kwanza wa kujitungia.
Ukiutamka, adui husimama alivyo:
panga juu, mdomo wazi, ute unaning'inia.
Hadi lini?
Hadi utakapotaka wewe.

Alhamisi, juu ya duka la chipsi, Lochee, Dundee,
saa kumi alasiri na giza limeshaingia
bila hodi, kama mwenye nyumba.
Nikausoma mezani.
Eilidh, anayetuendeshea mchezo, hakucheka.
Akaweka kidole juu ya neno "hadi".
"Hija," akasema, "joka nililolilea miezi mitatu
utalichinja kama kuku wa Idi."

Kweli. Sikuwa nimepima,
mimi niliyekulia kwa shangazi
aliyegonga silabi kwa kijiko ukingoni mwa kikombe,
aliyesema shairi likipelea mizani moja ni mgonjwa,
usilitoe nje kwenye baridi.

Tukaanza kupunguza.
Muda: Calum alitaka raundi sita, Halszka moja.
Umbali: mwisho sauti inapofika.
Bei: mwenye kuutamka naye asisogee, angoje pia.
Hapo nikagoma.
Nikasema kungoja si bei, kungoja ni kazi,
nimeifanya miezi kumi na tisa
nikisikiliza kifuniko cha tundu la barua kikipiga:
bili, kipeperushi cha piza, bili,
barua ya jirani.

Wakanyamaza. Sikukusudia kuyasema yale.
Halszka akanisogezea bakuli la karanga.

Nikatafuta njia ya kutokea, nikasema
kwetu wanasema subira huvuta heri.
Eilidh akainua penseli:
"Huvuta kiasi gani?"

Maisha yangu yote nimepewa methali hiyo,
shuleni, msibani, kwenye foleni ya pasipoti,
na sikuwahi kumwona mtu akiidai hesabu yake.
Kiasi gani?
Tukabishana hadi chai ikapoa.
Tukaandika: dadu moja kwa kila raundi uliyosimamishwa.
Unayemzuia unamlimbikizia.
Siku ukimwachia, anakuja na zote.

Ndipo uganga ukapata maneno, nikayagonga kwa kijiko:

Ngoja kwanza, weka chini, ulichoinua juu,
usipite mlangoni, wala usitie guu,
na subira ya moyoni, itakulipa makuu.

Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita.
Calum akajaribu kuyasoma kwa ulimi wa Dundee,
akasema "Ingoja",
mizani tisa mahali pa nane,
uganga ukamwagika pembeni.
Tukamwacha. Ana miaka kumi na saba,
na dada yake ndiye mwenye meza.

Usiku uleule, juu ya daraja la barafu,
joka likashuka. Nikashika karatasi yangu.
Calum akaniwahi:
hakulielekezea joka, alinielekezea mimi.
"Ingoja kwanza, Hija."

Nikasimama raundi nne.
Sikurusha kitu. Nilikula karanga
nikiangalia Halszka akiungua mkono wa kushoto,
Calum akipoteza ngao, farasi, kisha buti.
Hakuna aliyenitazama kwa huruma.
Walikuwa wananihesabia.

Raundi ya tano wakaniwachia,
nikazimwaga dadu zangu zote kwa viganja viwili,
nikapiga kelele nadhani wa chini walitoa samaki kwenye mafuta.
Moja ikabingirika chini ya hita.
Tukapiga magoti wote wanne, mashavu kwenye zulia,
tukiimulika kwa simu.

"Umezidi tena huu," Eilidh akasema kutoka huko chini.
"Hatukuandika kwamba ni adui tu.
Nani ana kifutio?"

Nilikuwa nacho mfukoni.
Nikajifanya napapasa.

Chini ya hita, kwenye vumbi, ilionyesha sita.
Calum anaapa inahesabika.