Uzi wa Buluu

Mwalimu mmoja alileta picha kwenye kiduka chetu cha uchapaji, River Road,
akataka tumtolee ndefu, mita tatu na nusu:
kitambaa cha Wanormani, cha miaka karibu elfu,
vita vizima kwa sindano, tangu kiapo hadi walioshindwa kukimbia.
Wino wa manjano ukamwagika katikati ya mapigano.
Nakala iliyoharibika nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani, Makina.

Haboba Zamzam, nyanya yangu, aliitandaza kitandani
juu ya shuka lake mwenyewe, akavaa miwani.
Hakuuliza mfalme ni yupi.
Alipitisha ukucha kwenye farasi mwenye mguu mmoja wa buluu.
"Uzi wa kahawia uliwaishia. Na duka lilikuwa mbali."

Nikamsomea maandishi, mwalimu alikuwa ameyafasiri kwa kalamu:
Hapa wanakata miti. Hapa wanaburuta meli majini.
Hapa wanachoma nyama. Hapa nyumba inachomwa.
Karibu kila tukio linaanza na hapa,
kama mpima ardhi anayechomeka kigingi.

Farasi niliwahesabu hadi mia na arobaini, nikachoka.
Wanawake niliwahesabu kwa vidole, vikabaki saba.
Mmoja anatoka kwenye nyumba inayowaka,
amemshika mtoto mkono,
anasema jambo na askari, au na moshi.
"Huyu," akasema Haboba, "ameshonwa na mtu aliyemjua."
Kisha: "Walioshona walikuwa wa upande gani?"
Nikamwambia wengi hudhani ni wanawake wa nchi iliyotekwa.
Akacheka kwa pua.
"Basi tazama pindoni."

Pindoni, chini ya kwato, maiti wanavuliwa deraya,
zinapitishwa kichwani kama nguo za mtoto anayekwenda kuogeshwa.
Bwana aliyelipia kitambaa
bila shaka alitazama juu.

Shuka la Haboba sikuwahi kulisoma.
Nililijua kama shuka la Idi, la wageni, usikalie:
mawaridi manne, kasuku, birika.
Sasa aligeuza pindo lake,
na hapo mstari wa watu wadogo kama siafu,
tarbushi nyekundu, bunduki mabegani:
babu yake, ombasha Farajalla, na wenzake
waliotoka Sudani kuwapigania Waingereza
wakapewa msitu huu badala ya pensheni.
Mbele yao vilima, mtama, zizi linaloungua,
na kando ya zizi watu wasio na nyuso,
duara tu, kitambaa kitupu.
"Mama hakuniambia majina yao. Yeye pia hakuambiwa.
Sura siwezi kuzibuni.
Nafasi nimewaachia."

Nje, wapimaji wa barabara walikuwa wamepita Jumanne.
Ukutani kwetu X nyekundu, rangi imechuruzika hadi msingini.
Haboba aliiangalia kama fundi anayekagua kazi ya mwanagenzi:
"Mshono wa msalaba. Mkono mzito, lakini.
Hakuhesabu nyuzi."

Usiku stima ilipotea. Nikamshikia simu imulike.
Katika pembe iliyosalia, baada ya askari, baada ya reli,
akashona mlango, mabati sita, tingatinga,
na X moja ndogo, sawasawa pande zote.
Tingatinga alilitilia meno ya buluu.
"Manjano imeisha?"
"Ipo," akasema, akikata uzi kwa meno yake mwenyewe.
"Labda na wale hawakuishiwa."

Kisha akauliza juu aandike nini, mimi niliyesoma.
Hapa, nikasema.
"Hapa nini?"
Sikuwa na jibu. Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza.
Akalishona neno lile peke yake, herufi nne, taratibu,
akaacha sindano imechomekwa
kwenye nafasi inayofuata.