Mwelekeo na Mwinamo

Siku ya nne tulikuwa juu, Mahina,
wanafunzi kumi na mmoja, dira tatu,
nyundo moja yenye mpini uliofungwa mpira,
na Dakta Kokubanza, aliyetupiga marufuku kusema "jiwe".
"Jiwe ni la kumfukuzia mbwa. Niambie: ni nini?"
Tukapiga magoti, lenzi jichoni, pua inagusa mwamba:
felspa, ya waridi kama ufizi wa mtoto mchanga;
kwatzi, kijivu, mafuta ya kondoo yaliyoganda sufuriani;
ulanga mweusi, unabanduka kwa ukucha.
Itale.
Miaka bilioni mbili na nusu na ushei.
Magesa akaandika sufuri zote, mstari ukamwishia.

Mimi sikuandika.
Bondeni kulikuwa na mlio:
ko. Ko-ko. Ko.
Naujua kuliko kengele ya shule.
Ndoo mbili, daftari. Ndoo arobaini, viatu.
Ndoo ngapi ada ya muhula, sijathubutu kupiga hesabu.
Na chuoni wakiniuliza, nilisema:
mama ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi.
Sikudanganya.

"Tushuke kule," akasema Dakta. "Kuna uso mpya,
mwamba uliopasuliwa jana, jua halijaulamba."

Alikuwa palepale, chini ya viroba vilivyoshonwa pamoja,
mguu mmoja umenyooka, pete ya mpira wa baiskeli
ikilishika jiwe lisimrukie jichoni.
Akanyanyua uso. Akatuona sote, mabuti na vizibao vya kung'aa.
Akaniona.
"Karibuni, wanangu," akasema, kwa wote, sawasawa,
akainama tena,
akanipa nafasi ya kupita kama mgeni.

Bituro alikuwa ameshainua nyundo. Akapiga. Nyundo ikarudi.
Akapiga tena: cheche, na ile harufu ya kuungua.
"Unalipiga usoni," mama akamwambia.
"Jiwe lina upande linakolalia."
Akalipapasa kwa kiganja, kama anayetafuta homa,
akapiga mara moja, wala si kwa nguvu,
likaachana katikati kama watu walioelewana.

Dakta akaweka dira juu ya ufa:
mwelekeo nyuzi arobaini, mwinamo sabini na mbili.
Namba ileile tuliyoihangaikia kilimani asubuhi nzima.
"Nani alikufundisha, mama?"
"Vilipovunjika vidole viwili, cha tatu kikajua."

Nikasikia sauti yangu: "Huyu ni mama yangu."
Ilitoka ndogo, chenga ya itale.
Hakuna aliyecheka. Magesa akavua kofia,
akakosa pa kuiweka.

Jioni, Nyegezi, kwenye boti ya utafiti,
bomba lilipanda na tope refu kama mkono wangu mara tatu,
na kila mmoja alikuwa na lake humo:
Nyamizi wa mimea akitaka chavua azihesabu,
yule wa kemia akitafuta zebaki ya machimbo ya dhahabu,
wa samaki akiuliza furu walijificha wapi,
kwa sababu chini kabisa tope liligeuka gumu,
lina vinyweleo vya mizizi,
na tukaelewa: hapa paliota nyasi.
Ziwa hili, ambalo ng'ambo yake jicho haliifikii,
liliwahi kukauka.
Juzi tu, kwa kalenda ya itale.

Usiku bwenini nikajaza daftari.
Kituo cha 14. Itale, mipasuko sambamba. Mtoa taarifa:
Kabula Lushinge, miaka ishirini na mitatu kazini.
Kisha nikampigia, nikamweleza habari za ziwa.
Akakaa kimya. Nikasikia ndoo ikisogezwa.
"Sasa likikauka tena," akauliza,
"kokoto itapanda bei au itashuka?"

Nikamwambia nitauliza.