Samaki Asiyeuona Moto

Mgahawa wa Ntakije una meza nne.
Ya tano ni mlango uliong'olewa kwa shangazi yake,
kitasa bado kipo, na mtoto wa jirani
hukizungusha kila anapomaliza kula
kana kwamba ataingia chumbani.

Ubao wa nje, kwa chaki: SUSHI LEO IPO.
Ukipita Katubuka mbalamwezi inawaka
unasomeka MAHARAGE NA CHAPATI,
maana wavuvi hawashindani taa na mwezi,
na Ntakije haongopi kwa chaki.

Miaka tisa alikata samaki hotelini, Masaki,
kwa watu waliomwita "wewe".
Akarudi na treni, kisu kimeviringishwa kwenye kanga.
Mwani wa Kijapani hakuuweza bei;
wali anaufunga kwa jani la chainizi:
"Si wanatoka upande mmoja?"
Chumvi ni ya Uvinza.
Mchele ndio ugomvi wake na mtaa mzima:
sisi tunataka punje ziachane,
yeye anazitaka zikumbatiane.

Jumamosi nikampeleka mama.
Mama aliuza samaki Kibirizi miaka thelathini na moja.
Alikaa, mkoba magotini, kama anasubiri kuitwa na daktari.
Sahani ikaja: sita, vimeviringwa,
kuhe mweupe, ukingoni waridi kidogo.

"Mwanangu, gesi imekuishia?"
"Hapana, mama. Ndivyo anavyoliwa."
"Na nani?"
"Wajapani."
"Nao hawana kuni?"

Kwenye meza ya mlango, Feruzi fundi redio
alicheka mpaka pilipili ikapanda puani.
Mama hakucheka.
Akamchomoa samaki kwa vidole viwili,
akamnusa, akambonyeza, akamwinua kwenye balbu.

"Huyu kalala usiku mmoja kwenye barafu."

Ntakije alifuta mikono ambayo haikuwa na maji.
"Umenunua kwa nani?"
"Kwa Ruhuza."
"Saa ngapi?"
"Saa tatu."
"Saa tatu Ruhuza anauza alichokataliwa.
Nenda saa kumi na moja, alfajiri,
simama penye ngazi zilizovunjika.
Usimtazame samaki macho. Mtazame muuzaji."

Karatasi hakuwa nayo.
Aliandika juu ya mlango, kwa chaki, karibu na kitasa:
11. NGAZI. MACHO YA RUHUZA.

Kisha akamchukua samaki wa mama, akamkaanga kwa mawese,
bila kununa, bila kuongeza bei.
Mama akamla hadi mwiba, akasukuma sahani.
"Wali wako bokoboko. Mkeo alikuacha kwa hili?"
"Sijaoa, mama."
"Afadhali."

Zikapita siku za maharage.

Halafu jioni moja simu yangu ikalia.
"Mwezi umeshatoka?"
Nikachungulia dirishani. "Bado."
"Basi vaa viatu."

Safari hii hakunusa.
Alitia kimoja kinywani, kizima, akafumba macho,
na mimi, na Feruzi, na Ntakije kisu mkononi,
tukayatazama mataya yake.

"Baridi," akasema.
"Baridi mbaya, mama?"
Akatafuna kwanza.
"Baridi ya sokoni alfajiri,
beseni limejaa,
hujauza hata mmoja."

Akaivuta sahani yangu.