Hesabu ya Usiku Mmoja

Swali la kwanza la dodoso ni fupi:
usiku wa kuamkia Jumatatu, nani alilala humu?
Haliulizi nani alizaliwa humu,
wala nani angerudi kama kiwanda cha sufu kingefunguliwa.
Nani alilala. Basi.

Nimepewa kalamu mbili, kitambulisho cha shingoni,
na mji mzima wa Vale do Zimbro niumalize kwa siku nne.
Zamani karani alihitaji wiki tatu na punda.

Kwa Dona Felisbela, sahani mbili mezani.
"Muandike na Adelino," anasema,
"yuko Ufaransa tu."
Yuko Ufaransa tu tangu mwaka ulipong'olewa reli.
Naandika mmoja.
Anautazama mkono wangu
kama mtu anayetazama mizani ya mchuuzi.

Namba kumi na saba, mtaa wa chemchemi: taa inawaka.
Nagonga. Nagonga tena.
Jirani anachungulia: "Hamna mtu humo, mwanangu.
Ile taa binti yao huiamuru kwa simu kutoka Lyon,
iwake saa moja, izimike saa nne,
wezi wadhani mama yu hai."
Taa hiyo hulipa bili ya umeme kila mwezi,
haijachelewa hata mara moja.
Dodoso halina kisanduku cha taa.

Sehemu ya huduma naijaza bila kumuuliza mtu.
Daktari: Jumatano, mvua isiponyesha.
Benki: tundu ukutani ilipokuwa mashine,
mbayuwayu wamelijengea.
Shule: watoto tisa, mwalimu mmoja,
ubao mmoja uliogawanywa mara nne kwa chaki.
Zimamoto: gari moja, jekundu, linang'aa,
na wanaume wanane wa kujitolea,
watano kati yao wana goti bovu.
Posta: meza moja ndani ya baa ya Belmiro,
kati ya mtambo wa kahawa na wacheza karata;
pensheni zetu hufika zikinuka mvinyo.

Na hiyo posta ndiyo maneno yenyewe.
Wilayani wamesema, wakazi wasipofika mia nne,
meza ya Belmiro irudi kuwa meza.

Uchumi: zeituni, na magome ya mwaloni.
Tunauza vizibo. Chupa hufunguliwa kwingine.

Katika nyumba ya padri, iliyokaa miaka tisa bila padri,
nakuta viatu jozi kumi na moja vimepangwa mlangoni.
Wanepali, wachumaji wa zeituni.
Dilmaya ananitajia majina herufi kwa herufi,
ananisahihisha, anasubiri nifute,
kisha anauliza: "Tukihesabiwa, tutadaiwa?"
Hapana, nasema. Mkihesabiwa, ninyi ndio mtatudai.
Haelewi. Mimi pia sina hakika.
Watu kumi na mmoja chini ya paa moja:
mtaa wangu mzima haufiki hapo.
Na Belmiro, aliyeapa mwaka jana kwamba hao hawatakanyaga kwake,
ananivuta pembeni, sauti chini:
"Wote umewaandika? Wote?"

Alhamisi usiku najumlisha jikoni.
Mia tatu tisini na tisa.
Narudia kutoka chini kwenda juu.
Mia tatu tisini na tisa.
Namkumbuka Adelino. Naikumbuka taa.
Kalamu inajivuta huko yenyewe,
kama mbuzi aliyeona ua limelegea.

Ndipo naiona fomu moja bado nyeupe: ya nyumba hii.
Juu ya kabati kuna tiketi ya basi,
Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, hadi Luxemburg,
ya kwenda tu,
na barua ya kazi, kufua mashuka ya hospitali.

Swali ni lile lile.
Nililala humu. Si uongo.
Nililala vibaya, mbwa wa Felisbela alibweka mpaka kukacha,
lakini dodoso haliulizi ulilalaje.
Naandika moja.

Kesho Belmiro ataigonga bahasha muhuri,
na muhuri wake, kama kawaida,
utaonyesha tarehe ya jana.