Pigo Lililoanguka

Gereji ya mama yake Dagny, mjini Hoquiam,
inanuka petroli na mbwa aliyelowa.
Mvua ya huku hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyefika Oktoba akasahau kwao.
Tuko wanne. Tumekuja kurekodi nyimbo tano
zisizo zetu,
ambazo tunazijua kuliko zetu.

Orrin ana miaka arobaini na mbili na goti bovu.
Lupe amefunga duka lake la mikate mapema.
Mimi nimetoka zamu ya usiku kiwandani,
vumbi la mierezi bado masikioni.
Dagny anakaza ngozi ya ngoma kwa ufunguo mdogo,
ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Kundi lile, Chumvi Barabarani,
lilidumu miaka mitatu na kanda moja.
Waliimba kama watu wanaotapika misumari.
Walivaa mashati ya drafti, ya baba zao
walioachishwa kazi msumeno mkubwa ulipozimwa.
Sisi tulivaa ya baba zetu.
Hatukujua kwamba huko mijini
watu walikuwa wakiyanunua.

Kanda ilikuwa ya kaka yake Orrin.
Ililala juu ya dashibodi kiangazi kizima,
utepe ukalegea kwa jua.
Nasi tukalegeza nyuzi tuufuate,
nusu sauti chini, kisha chini kidogo tena,
mpaka magitaa yakakoroma kama walevi.
Waliotusikia baadaye wakasema:
hawa wana sauti yao.

Na wimbo wa pili, ubeti wa tatu, una shimo.
Ngoma inatembea, inatembea,
mara haipo.

Pigo moja tu. Kisha tuazi linalia, safari inaendelea.
Juu ya shimo lile tulijenga nyumba.
Kila wimbo wetu una mahali pa kushika pumzi.
Gazeti moja la Tacoma likaandika
kwamba tunaelewa ukimya.
Tuliikata habari ile, tukaibandika kwenye friji.

Lupe, asiyeogopa mtu, ndiye aliyempigia simu Vernon Skaar,
mpiga ngoma wa kanda ile.
Siku hizi anauza matairi ng'ambo ya mto.
Akaja na kofia ya duka, akakalia ndoo ya rangi.
Tukapiga.
Dagny akafika pale, akaliacha pigo lianguke
kwa heshima,
kama mtu anayevua kofia jeneza likipita.
Vernon akainua mkono.

"Mbona mnaruka hapo?"
"Tunaruka uliporuka."
Akafikiri. Mvua ikakaa.
"Kijiti kilinitoka," akasema.
"Kiganja kilikuwa na jasho, na pesa ya kurudia hatukuwa nayo.
Miaka thelathini, nikisikia pale natazama pembeni."
Kisha: "Na mbona mko chini hivyo? Nani amekufa?"

Orrin akalitazama goti lake.
Anayemwiga tembo, husemwa, hupasuka msamba.
Basi tulipasuka tukiwa na miaka kumi na minne,
na mumo humo katika ufa
tukapata pa kutolea sauti.
Hayo nayawaza leo. Siku ile niliona aibu tu,
aibu ya friji na gazeti.

Dagny akamnyooshea vijiti.
Vernon akapiga ubeti wa tatu juu ya paja lake,
mzima, bila shimo,
jinsi ulivyotakiwa kuwa.
Ulikuwa sahihi. Ulikuwa kama tairi.
Yeye mwenyewe akausikia, akakunja uso,
akarudisha vijiti, akasema ana mteja saa kumi.

Tukarekodi giza likiingia.
Ukifungua sauti hadi mwisho,
pale shimoni kuna kitu, kidogo, kama mkwaruzo.
Lupe anasema ni mbwa.
Orrin anasema ni ndoo.
Dagny, tukimuuliza,
anakaza ngozi ya ngoma.